Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: mwite binti aandike mbele yako

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: INSHA YA BINTI WA KIDATO CHA TATU ILIYOITWA KAZI YA MASHINE

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mkoa wa Mbeya una halmashauri saba. Yetu sitaitaja, shule sitaitaja, na mtoto sitamtaja, maana amekwisha kutajwa vya kutosha. Wewe utajijua. Na kama wakurugenzi wengine sita nao watajihisi, basi nitakuwa nimeandika barua saba kwa bando moja.

Njia zote zinazotakiwa nimezipita. Nilianza kwa Mkuu wa Shule, akanielekeza kwa Afisa Elimu Kata, naye akasema suala liko juu. Huko juu nikaambiwa jalada liko mezani kwako. Nikaandika barua, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, kisha kimya. Jibu lilipokuja lilikuwa barua ya kunitaka mimi nijieleze ndani ya siku saba kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu kwa “kuwezesha udanganyifu”. Nimejieleza. Sasa na mimi naomba kuelezwa, na naomba hapa hadharani, kwa kuwa mezani inaonekana kumejaa.

Kwa ambao hawakuwepo: halmashauri iliandaa shindano la insha za Kiingereza kwa shule za sekondari, mada ikiwa mabadiliko katika kijiji changu. Binti huyu aliandika juu ya bibi yake aliyeng'oa mibuni akapanda parachichi, na juu ya wanunuzi wanaokuja na mizani yao wenyewe na bei yao wenyewe. Aliandika darasani, kwa kalamu, mimi nikiwa nimesimama pale pale, na siku hiyo umeme ulikuwa umekatika. Simu hana. Shuleni simu ni marufuku kwa mwanafunzi, na nyumbani kwao ipo moja tu, kitochi cha bibi. Tangazo lenu lilitaka insha zitumwe kwa barua pepe, kwa hiyo nikaipeleka steshenari ya pale stendi ikachapwe. Hela nilitoa mfukoni. Risiti ninayo, ingawa sina ndoto ya kurudishiwa.

Siku ya zawadi, mbele ya wazazi na shule zote, afisa wako alishika kipaza sauti akasema kuna shule “imejaribu kutuletea AI”, yaani insha iliyoandikwa na akili mnemba. Akaitaja. Akamtaja mtoto. Akasema programu ya kutambua maandishi ya mashine imetoa asilimia themanini na kitu. Ukumbi ukacheka. Bibi alikuwepo, amevaa kitenge kipya, akaniuliza kwa Kinyakyusa watu wanacheka nini. Ndugu Mkurugenzi, wewe ulikuwa meza kuu. Ungenisaidia kumjibu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma usiku kuhusu hizo programu, kwa bando langu, maana nilidhani zina uwezo fulani ambao sisi walimu wa kata hatujafunuliwa. Hazina. Hakuna hata moja inayojua nani ameandika. Nyingi hupima tu kama maneno yanatabirika. Neno linalofuata likiwa lile ambalo kila mtu angelitegemea, alama ya umashine inapanda; sentensi zikipishana urefu na msamiati ukiwa wa ajabu ajabu, inashuka. Hii ni kwa sababu mashine kama ChatGPT, iliyotolewa Novemba 2022, nayo huandika kwa kukisia neno linalofuata.

Sasa niambie. Mtoto aliyesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa kipindi tu kati ya vipindi, kisha kidato cha kwanza akakuta baiolojia, jiografia na historia zote zimegeuka Kiingereza, ataandika Kiingereza gani kama si cha kutabirika? Ndicho tunachompa. Anza na “Firstly”, fuata na “Secondly”, funga na “In conclusion”. Sentensi fupi. Msamiati ulio salama. Mtihani wa taifa unamlipa alama kwa kuandika hivyo, na ofisi yako imemvua heshima kwa kuandika hivyo hivyo.

Haya sijayatunga mimi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichukua insha 91 za mtihani wa TOEFL, za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye programu saba za aina hiyo. Kwa wastani zaidi ya nusu ziliitwa kazi ya mashine, ilhali insha za watoto wa darasa la nane wa huko huko Marekani zilipita karibu zote bila kuguswa. Na OpenAI, wenye ChatGPT yao, walitoa kitambuzi chao Januari 2023. Wao wenyewe walisema kinakamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kwamba wakati mwingine kinamsingizia binadamu. Julai mwaka huo huo wakakiondoa. Walioitengeneza mashine wameshindwa kuitambua. Ofisi yako imeweza. Hongera.

Kwa nini insha yetu ilipata asilimia zile? Hapa nakisia. Huenda yule kijana wa steshenari aliiruhusu kompyuta isahihishe kila ilipochora mstari mwekundu. Katika daftari la binti, ambalo liko kabatini kwangu, bibi ni mwanamume katika sentensi moja na mwanamke katika inayofuata, kosa la kila anayetoka kwenye lugha kama zetu, Kinyakyusa na Kiswahili, ambazo hazitenganishi mambo hayo. Mashine haikosei hivyo. Kwenye nakala iliyochapwa, bibi ni mwanamke mwanzo mwisho. Au huenda programu haikuwa na kazi kubwa. Huenda aliyesoma aliona tu Kiingereza asichokitegemea kutoka shule ya kata isiyo na madirisha, akatafuta mashine imthibitishie alichokwisha kuamini. Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi. Sijasikia shule hata moja ya kulipia ya mjini iliyotiliwa shaka, na huko watoto wana kompyuta nyumbani. Sisemi wamedanganya. Nasema mwenye mashine hakuulizwa, na aliyeitwa mwizi ni asiye nayo.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wanasheria wako watakusaidia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Insha ya mtoto, yenye jina lake, shule yake na habari za bibi yake, ilipakiwa kwenye tovuti ya watu tusiowajua. Nani aliombwa ridhaa?

Nikukumbushe, kwa heshima na taadhima. Ulipokuja kwenye mahafali ya kidato cha nne ulisema akili mnemba ni mwalimu msaidizi wa zama hizi, na kwamba halmashauri itaanza na walimu wa lugha. Ulisema kompyuta kumi kabla ya Juni. Ulisema mafunzo. Sisi tukapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele, na mkungu wa ndizi ukaingizwa kwenye gari lako. Juni imepita, na nyingine imepita. Akili mnemba ya kwanza kuletwa shuleni kwetu na serikali ni ile iliyokuja kumhukumu mtoto.

Na isidhaniwe kwamba mimi ni adui wa mashine hizi. Nazitumia kuliko wengi mnaowaalika kwenye semina. Kile kishikwambi nilichopewa, miongoni mwa vilivyotumika kwenye sensa ya 2022, kioo kimepasuka kona lakini kinafanya kazi. Nakiwasha usiku, nakiunganisha na simu yangu, naomba vifungu vya ufahamu vya kidato cha pili. Kwanza kinaniletea mtoto anayecheza kwenye theluji. Nakiambia hapana, mweke mtoto Uyole, mpe gunia la viazi na bodaboda aliyechelewa. Hapo kinatoa kifungu kizuri, na maswali, na darasa zima linacheka mahali panapostahili kuchekwa. Vitabu havinipi hicho.

Kuna vijana ambao hawajawahi kufungua kinywa kwa Kiingereza kwa kuogopa wenzao. Nimewaona wakikiuliza kishikwambi swali kwa sauti ya chini, kikajibu, wakauliza jingine. Mashine haicheki lafudhi ya mtu. Mkondo wangu mmoja una wanafunzi wengi kuliko madawati. Siwezi kuzungumza na kila mmoja kwa dakika tano hata ningeishi humo darasani. Hapo mashine ingenisaidia kweli kweli. Kompyuta kumi, Ndugu Mkurugenzi. Kumi.

Kwa Kiswahili ni kazi nyingine, nami nafundisha masomo yote mawili. Niliiomba ichanganue mofimu za “anayelima”, ikaniambia “ye” ni kiambishi cha mtendwa. Ni kirejeshi, mtoto wa kidato cha pili aliyelala vizuri anajua. Iliwahi kunipa methali ambayo hakuna mzee wa pwani wala wa bara aliyewahi kuitamka, na ikaifafanua kwa kujiamini kabisa. Imelishwa Kiingereza kwa wingi, na Kiswahili, pamoja na kupewa siku yake na UNESCO kila Julai 7, hakifiki hata asilimia moja ya maandishi yaliyoko mtandaoni. Kinyakyusa nilikijaribu mara moja, nikaacha. Ndiyo maana mafunzo yanahitajika: mwalimu asiyejua mashine inakosea wapi ataubeba uongo na kuuandika ubaoni. UNESCO ilitoa mwongozo wake Septemba 2023 ukisisitiza hayo hayo, walimu waandaliwe, na watoto wa chini ya miaka 13 wasiachiwe wenyewe. Sisi hatujaandaliwa. Tumeandikiwa barua za kujieleza.

Wapo wanafunzi wanaodanganya, najua, na nawakamata. Kaka ana simu kijiweni, swali linapigwa picha, jibu linanakiliwa pamoja na maneno ambayo hata mimi nalazimika kuyatafuta kwenye kamusi. Namwambia asimame, anieleze aya ya pili kwa maneno yake. Dakika mbili zinatosha. Sijawahi kuhitaji asilimia. Namjua mwandiko, najua makosa yake, najua aliandika nini wiki iliyopita. Hiyo kazi afisa wako angeweza kuifanya kwa kupiga simu moja.

Unataka kujua binti yuko wapi sasa? Yupo darasani. Anahudhuria. Lakini anaandika vibaya makusudi. Sentensi iliyotoka vizuri anaifuta, anaweka nyingine iliyovunjika. Nilipomuuliza akasema, “Mwalimu, hii hawawezi kusema si yangu.” Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unatutaka tujenge umahiri. Huyu wetu tumemfundisha kuuficha, na mwakani yuko kwenye mtihani wa kidato cha nne, ambao ataufanya kwa kalamu, na hakuna programu itakayomsahihishia.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na maombi mengi. Kompyuta. Mafunzo kwa walimu wa lugha, kama ulivyoahidi. Mwongozo unaosema wazi lini mwanafunzi anaruhusiwa kutumia mashine na lini haruhusiwi, na kwamba hakuna mtoto atakayeadhibiwa kwa asilimia za programu. Barua ya tuhuma iondolewe kwenye jalada langu, kwa sababu nasubiri kupanda daraja na sote tunajua karatasi moja inavyoweza kukaa njiani. Umeme nao. Madirisha. Fedha ya kuchapa, ukipenda. Naona nimeanza kuchanganya, na orodha inayochanganya hukupa nafasi ya kuniambia “tumepokea, tunayafanyia kazi”. Yote hayo nayaweka pembeni.

Naomba moja. Mwite binti aandike mbele yako.

Ofisini kwako, kwa kalamu, kwenye karatasi utakayotoa wewe, mada uchague wewe. Awepo yule afisa na programu yake. Mpe saa moja. Mimi nitakaa nje kwenye benchi, wala sitachungulia. Akishindwa, nitatia saini hatua yoyote mtakayoona inafaa. Akiweza, jina lake lisafishwe kwenye ukumbi ule ule, kwa kipaza sauti kile kile, bibi akiwepo.

Mwite. Nauli yake nitalipa mimi. Siku yoyote anakuja, isipokuwa Jumamosi, maana ni gulio na bibi anamhitaji.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Kiingereza na Kiswahili,
Shule ya sekondari ya kata,
Mbeya.