Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa Mkoa wa Mbeya: watoto wanakariri uthibitisho

Shikamoo mheshimiwa.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, jioni nafundisha tuisheni hapa Uyole. Naandika hadharani maana jambo hili linawahusu wazazi na walimu wenzangu pia. Wanafunzi wanaingia fomu faivu PCM (fizikia, kemia na hesabu) na A zao safi kabisa, ukiwaambia thibitisha wanakuuliza fomula ipi mwalimu.

Juzi niliandika ubaoni n² + n + 41, nikasema anzeni na 0 mwone kama kila jibu ni namba tasa. 41, 43, 47, 53, 61, wakaenda mpaka 10 wakasema imetosha, imethibitika. Nikawaambia wekeni 40. Ikaja 1681, ambayo ni 41 mara 41, na kumbe 0 mpaka 39 zote zinakubali. Darasa kimyaa, halafu binti mmoja akauliza kwa hiyo hata tukijaribu mara elfu bado hatuna uhakika? Mheshimiwa, nilisubiri swali hilo tangu mwaka uanze!

Na akili ya kufikiri wanayo. Nawauliza, gari la Tukuyu likitoka mjini lazima lipite Uyole, sasa hili limepita Uyole, je linaenda Tukuyu? Wote wanasema hapana, laweza kuwa la Iringa au la Dar. Na lililoshika njia ya Mbalizi je? Hilo haliendi Tukuyu, hata hawafikirii mara mbili. Ila wape kitu hichohicho kwenye pepa kwa Kiingereza, kwamba namba ikigawanyika kwa 4 ni shufwa, wanakuandikia kila shufwa inagawanyika kwa 4, wakati 6 ipo pale inawaangalia. Jedwali la T na F, yaani kweli na si kweli, wanajaza bila kosa lakini hakuna aliyewaambia kwamba ni habari ileile ya gari la Tukuyu.

Indaksheni ndo inaniuma zaidi, ile njia ya kuonyesha kwanza kauli ni kweli kwa namba ya mwanzo, halafu kwamba ikiwa kweli kwa k basi ni kweli kwa k+1. Wanaiimba kama shairi, k halafu k+1 halafu imethibitika. Niliwapa n = n + 1. Ukikubali k = k + 1, ongeza 1 pande zote unapata k + 1 = k + 2, hatua imepita vizuri tu, wengi wakaweka tiki. Hakuna aliyeweka 1 mahali pa n aone inatoka 1 = 2. Yaani ile hatua ya mwanzo kwao ni mapambo.

Lakini wanajifunza kukariri kwetu sisi. Mwanafunzi wangu mmoja aliambiwa kwenye mtihani aonyeshe kwamba 1 + 3 + 5 na kuendelea inatoa n², akachora vitone, kila namba witiri inazunguka mraba uliopita kwa umbo la L, akaeleza kwa nini kila L inazidi iliyopita kwa vitone 2. Hoja kamili. Akapewa sifuri, eti mwongozo wa kusahihishia ulikuwa na indaksheni tu, na swali halikutaja indaksheni popote.

Ombi langu ni hili, moko ijayo ya mkoa, yaani mtihani wa majaribio, iwe na swali hata moja la kusema kweli au si kweli na kutoa sababu, na mwongozo uandikwe wazi kwamba hoja yoyote sahihi inapata maksi zote. Maswali ya mfano ninayo tayari, nitayaleta ofisini kwako siku yoyote utakayosema.

Mwalimu wa hesabu, Uyole