Tuelezwe nani anagharamia vituo vya Uarabuni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna magazeti na redio zetu zinavyonukuu vituo vya nchi za Kiarabu bila kutueleza vinamilikiwa na nani. Tunaposoma Uhuru tunajua ni gazeti la CCM, na tunapotazama TBC tunajua ni ya serikali, kwa hiyo kila mmoja wetu hupima mwenyewe anachoambiwa. Habari ikitoka Doha au Dubai, kipimo hicho hatuna.

Nafundisha somo la uraia hapa Dodoma, na mfano ninaoutumia zaidi ni Misri. Gazeti la Al-Ahram, lililoanzishwa mwaka 1875 na ndugu wawili kutoka Lebanon, lilikuwa mali ya watu binafsi hadi mwaka 1960, Rais Gamal Abdel Nasser alipoyaweka magazeti makubwa chini ya dola. Redio ya Sauti ya Waarabu, iliyoanza Cairo mwaka 1953, ilipendwa mno kwa kupinga ukoloni. Lakini Juni 1967 redio hiyo hiyo iliwatangazia wasikilizaji kwamba Misri inashinda vita dhidi ya Israeli, ilhali ndege zake nyingi za kivita zilikuwa zimekwisha kuteketezwa zikiwa ardhini. Inaniuma kuona imani kubwa kiasi kile ikitumiwa kuwaficha watu msiba wao wenyewe.

Televisheni ya Al Jazeera, iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa fedha za mtawala wa Qatar, iliwapa wapinzani wa serikali nyingi za Kiarabu nafasi ambayo hawakuwa nayo kwao, na kwa hilo inastahili heshima, ingawa watawala wa Qatar wenyewe hawaguswi kwa ukali huo. Televisheni ya Al Arabiya ilifuata mwaka 2003 kwa fedha za Kisaudi. Mwaka 2017, Saudi Arabia, Umoja wa Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilipoitenga Qatar, moja ya masharti yao 13 lilikuwa kufungwa kwa Al Jazeera, jambo linaloonyesha kwamba dola hizo zilikihesabu kituo hicho kuwa mkono wa serikali ya Qatar. Lebanon ni tofauti kidogo, kwa kuwa huko vituo vingi vimefungamana na vyama na familia tajiri.

Ombi langu ni kwamba kila mnaponukuu vituo hivi, mwongeze sentensi moja inayotaja mmiliki au mfadhili wake, na mfanye vivyo hivyo kwa vituo vya serikali za Ulaya, China na Marekani.

Mwalimu, Ipagala, Dodoma