Mmemwonea Nadal

Salim ndugu yangu,

Salamu kwanza, na kwa mama pia. Natumaini homa imemwachia. Nimekawia kujibu, ila orodha ya wachezaji bora wa tenisi uliyoandika na Jabiri haijanitoka kichwani. Nadal mmemweka wa tatu kwa kuwa mataji makubwa 14 kati ya 22 aliyapata Roland Garros, shindano la Paris la uwanja wa udongo, basi ni "bingwa wa udongo tu". Hapo nakataa kabisa.

Haya, toeni udongo. Anabaki na 8: Wimbledon mawili, Australia mawili, Marekani manne. Agassi alistaafu akiwa na 8 kwa jumla! Lakini mkikata huku, kateni na kule. Toeni sakafu ngumu: Djokovic anashuka kutoka 24 hadi 10, Federer kutoka 20 hadi 9, Nadal anabaki na 16. Orodha yote imepinduka.

Kalenda ndiyo inayoamua, Salim. Leo mashindano mawili kati ya manne makubwa ni ya sakafu ngumu, moja udongo (Paris), moja nyasi (Wimbledon). Hadi 1974 matatu yalikuwa ya nyasi. Marekani wakahamia udongo 1975, sakafu ngumu 1978; Australia wakaacha nyasi 1988. Laver alipobeba yote manne 1969, matatu yalikuwa ya nyasi. Mbona yeye hamkumpunguzia?

Na udongo wenyewe si mteremko. Pale Paris juu kuna unga wa matofali, tabaka jembamba la milimita chache, chini yake chokaa iliyosagwa. Mpira ukitua unakwaruzwa, mwendo unapungua, na ukiwa na mzunguko mwingi unaruka hadi begani. Servu (mpigo wa kuanzisha pointi) hata ikiwa kali inarudishwa, kwa hiyo pointi lazima ijengwe kwa mipigo mingi, mchezaji akiteleza na kusimama kwa wakati. Kwenye nyasi mpira unabaki chini na servu inamaliza kazi. Ndiyo maana Sampras, na mataji yake 14, hakugusa fainali ya Paris, na Lendl akakosa Wimbledon akiwa na 8.

Tena nyasi nazo si zile zile: Wimbledon walibadili mbegu 2001 wakapanda aina moja tu, na wachezaji wa nyuma ya uwanja wakapata nafasi.

Narudi kwa Nadal: Roland Garros alishinda mechi 112, akapoteza 4. Umahiri wa namna hiyo mnaufanyaje kasoro? Kama mnatafuta aliyeenea kila uwanja, anzeni na Steffi Graf, mataji 4 au zaidi katika kila shindano. Hakuna mwingine, mwanamume wala mwanamke. Kwenye orodha yenu simwoni.

Sasa nijibu. Jabiri alihesabu mataji tu, au na mashindano ambayo mtu hakuyacheza? Borg mtamweka wapi, Paris 6, Wimbledon 5, Marekani hana? Orodha imeshafika kwa Mwalimu Kheri, au bado kuna muda wa kuirekebisha?

Wako,
Idi