Picha ya siku ya tatu mbona hamkuichapa?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie makala mliyoitoa juu ya leza ya kuondoa makovu na mikunjo usoni. Ilipambwa kwa picha mbili: kabla, mashavu yamejaa mashimo ya chunusi, baada, uso umetakata na mwenyewe anacheka. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya ngozi. Kazi yangu yote iko katikati ya picha hizo mbili, na hapo katikati mwandishi wenu amepavuka kwa sentensi moja tu, kwamba ngozi hupona baada ya siku chache.

Siku chache hizo nazijua. Siku ya tatu baada ya leza ya kaboni dioksidi, uso umevimba hadi macho yamebaki kama matundu ya vifungo. Maji ya manjano yanachuruzika mashavuni na kuganda juu ya mafuta ya mgando. Ngozi inavuta, inawasha, na mgonjwa analala kwa kuegemea mito ili uvimbe upungue. Wengine hulia wakijitazama kwenye kioo, na ukiwauliza kama wanaumwa sana watakwambia hapana, ila hakuna aliyewaambia watakuwa hivi. Na huyo, Mhariri, ndiye anayeendelea vizuri.

Sababu iko kwenye mashine yenyewe. Leza hiyo hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 10,600, ambao macho hayauoni lakini maji huunyonya papo hapo. Ngozi imejaa maji. Yakichemka ghafla, tabaka la juu huondoka likiwa mvuke, na joto linalobaki chini huichokoza ngozi itengeneze kolajeni mpya, yaani protini inayoipa ngozi uimara, kazi inayoendelea kwa miezi. Kwa hiyo daktari anakutia kidonda kwa makusudi na kwa kipimo, halafu kidonda hicho unakwenda kukiuguza mwenyewe nyumbani.

Leza nazo si moja. Ile inayotumia madini ya erbiamu, yenye nanomita 2,940, hunyonywa na maji kwa nguvu zaidi na huacha joto kidogo pembeni, hivyo kidonda huwahi kufunga. Kuna pia mbinu ya kutoboa vijitundu vyembamba vilivyotawanyika na kuacha ngozi nzima kati yake. Ngozi hiyo nzima ndiyo inayosaidia kuziba, na wengi huwa wamefunga ndani ya wiki moja hivi. Ukichomwa uso wote bila kuacha nafasi, hesabu hadi wiki mbili kidonda kifunge, na wekundu unaweza kukaa miezi. Zipo pia leza zinazoliacha tabaka la juu mahali pake: unavimba siku mbili tatu, lakini utarudi mara kadhaa. Jirani akikwambia alifanya leza akaenda kazini kesho yake, muulize kwanza ilikuwa leza gani.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna la ziada, na hapa ndipo makala yenu iliponikera hasa. Iliandikwa kwamba leza hizi hazina shida kwa weusi kwa kuwa zinalenga maji, hazilengi rangi. Kulenga maji ni kweli. Lakini kidonda chochote kikiwaka, chembe zinazotengeneza rangi nazo huamka, na ngozi nyeusi inazo zenye bidii. Doa jeusi huja kama wiki tatu au nne baadaye, wakati mtu ameshapiga picha na kuwatumia ndugu. Mara nyingi hufifia, ila kwa miezi. Kibaya zaidi ni weupe unaojitokeza baada ya miezi mingi, hasa kwa waliochomwa kwa kina, na huo huenda usiondoke. Kipimo cha Fitzpatrick, kilichoanza mwaka 1975, leo hugawa ngozi katika aina 6 kwa jinsi inavyopokea jua, na daktari makini hujua uko aina ya ngapi kabla hajaiwasha mashine. Mwambie ajaribu kwanza sehemu ndogo, labda karibu na sikio, msubiri wiki kadhaa muione. Kama una melazma, yaani mabaka ya kahawia usoni, tafakari mara mbili, kwani leza inaweza kuyakoleza.

Kabla ya siku yenyewe, jiandae kuulizwa maswali mengi; usipoulizwa, yaseme mwenyewe. Umewahi kutumia vidonge vya isotretinoini kwa ajili ya chunusi, na uliacha lini? Kwa leza ya kina, madaktari wengi bado wanataka ukae muda mrefu baada ya kuviacha. Makovu yako huota na kuwa keloidi, yaani manene yanayozidi kidonda chenyewe? Unavuta sigara? Unapaka krimu za kujichubua, hasa zenye steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na mwasho? Hili watu hulificha kwa aibu, na steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba na ichelewe kupona. Na kama umewahi kutokwa na malengelenge mdomoni, hata mara moja utotoni, sema. Virusi vya malengelenge hayo hubaki vimelala mwilini, na leza huviamsha vikaenea uso mzima uliochubuka. Ndiyo maana tunatoa dawa kama asikloviri kabla na hadi ngozi ifunge. Madaktari wengi huwapa wagonjwa wote wa leza ya kina bila kubagua.

Krimu ya ganzi usijipake mwenyewe nyumbani. Mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya vifo vya wanawake wawili vijana waliojipaka ganzi kali miguuni na kuifunika kwa plastiki, wakijiandaa kuondolewa nywele kwa leza. Ganzi hupenya ikaingia kwenye damu. Wasomaji wengi wanadhani krimu ni krimu tu.

Ukirudi nyumbani kazi ni ya kuchosha lakini si ngumu. Nawa uso taratibu kama ulivyoelekezwa, paka mafuta ya mgando, usiache pakauke. Marhamu za antibiotiki za dukani usizipake kwa kubahatisha, maana nyingine huleta mzio juu ya kidonda. Vigaga vya kidonda viache vidondoke vyenyewe. Nimemwona mama mmoja akiongea na simu huku ukucha wa kidole kidogo ukichokonoa kigaga cha shavuni, wala hajui anafanya hivyo. Pale pale alipochokonoa ndipo kovu lilipobaki. Jua likwepe kabisa mpaka ngozi ifunge, kisha losheni ya kukinga jua yenye SPF (kiwango cha kinga) 30 au zaidi, ile ya zinki, kila siku kwa miezi, pamoja na kofia pana. Mwenye ngozi nyeusi anayeona losheni hiyo haimhusu, asifanye leza.

Mkiandika tena, chapeni picha ya siku ya tatu, kwa ruhusa ya mwenye uso. Na muwaambie wasomaji kwamba maumivu yanapaswa kupungua kila siku. Yakipungua halafu yakarudi kwa nguvu, au vikatokea vidonda vidogo vya duara, au homa, hiyo si hali ya kusubiri asubuhi. Basi kabla ya kulipa, mtu amuulize daktari: usiku wa siku ya nne uso ukianza kuniuma upya, nampigia nani? Akipewa namba ya mapokezi ambayo jioni haipokelewi, achukue mkoba wake aondoke.

Wako,
Muuguzi wa kliniki ya ngozi