Rasi yetu imefungwa mbuzi

Mhariri,

Jumamosi iliyopita sisi walimu kumi na wawili wa Kiswahili tuliyapa kisogo madaftari ya kusahihisha, tukapanda teksi ya Mukono hadi Katosi, kisha boda boda kwa njia ya vumbi mpaka kwenye rasi moja inayochungulia visiwa vya Koome, katika Ziwa Victoria upande wetu wa Uganda. Nia ilikuwa matembezi tu. Upepo ulitupokea kwa fujo: kofia ya mwenzetu ilikwenda na maji, na roleksi tulizobeba, zile chapati za kuviringisha na mayai, zikawa nusu mayai, nusu mchanga.

Mwenzetu mmoja aliyekulia Mombasa akauliza, "Mnara wa taa uko wapi?" Kwao rasi ni Ras Serani, na Ras Serani ina mnara wake. Hapa kwetu kulikuwa na nguzo ya chuma iliyoliwa na kutu, juu yake kibati kilichopinda, chini yake mbuzi amefungwa kamba. Tulicheka. Nilipiga hata picha.

Kicheko kiliisha tulipoteremka mwaloni. Mzee mmoja alikuwa akitengeneza wavu. Tulimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku akitabasamu, maana upande huu salamu hiyo huisikia kwa walimu tu. Tukamuuliza usiku wanarudije.

"Tunafuata taa nyekundu ya mnara wa simu, kule mlimani."

"Na ikizimika?"

"Tunasikiliza mawimbi yakipiga mawe. Ukiyasikia vizuri, umeshakaribia mno."

Wasomaji wa Kampala huenda hawajui kwamba mukene, yaani dagaa, huvuliwa katika usiku usio na mwezi, kwa taa zinazowavuta samaki juu. Ukisimama kwenye rasi saa tatu usiku unaona ziwa limewaka kama mji. Lakini taa zote hizo zinaelea na kuhama. Hakuna hata moja iliyosimama mahali pamoja ili mtu aseme: pale ndipo nyumbani, na mawe yako kushoto kwake.

Na usiku ndio wakati mbaya. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani, ule uliotunyang'anya kofia. Usiku mambo hugeuka: pepo hutoka nchi kavu za pande zote na kukutana katikati ya ziwa, mawingu yakapanda, radi ikaanza. Dhoruba nyingi za Nalubaale, kama tuliitavyo Ziwa Victoria, hupiga kati ya usiku wa manane na alfajiri, mitumbwi ikiwa bado majini.

Sitaki kutia chumvi. Boti ya starehe iliyozama Novemba 2018 katika wilaya yetu hii ya Mukono, ikaua watu zaidi ya 30, taa isingeiokoa. Ilikuwa karibu na ufuko, na tatizo lilikuwa boti yenyewe na wingi wa abiria. Majaketi ya kuokolea na ukaguzi ni mambo ya kwanza, nami sipingani na hilo. Ninachosema ni kwamba taa ni jambo dogo kiasi kwamba hakuna aonaye haja ya kulishughulikia.

Kwani inahitaji nini? Nguzo imara, paneli ya jua, betri, na taa inayometa kwa mpigo wake yenyewe, tuseme mara mbili kisha kimya cha sekunde nane, ili isichanganywe na ya rasi jirani. Ikiwa mita 10 tu juu ya maji, mtu aliyeketi mtumbwini anaweza kuiona kutoka karibu kilomita 15. Ule mnara wa simu unafaa, ila uliwekwa kwa ajili ya wenye simu, na taa yake kwa ajili ya marubani wa ndege; ukihamishwa kesho, hakuna atakayewauliza wavuvi.

Uganda na Tanzania zilikwisha kuanzisha mradi wa pamoja wa mawasiliano na uokoaji katika ziwa hili. Naomba wahusika watueleze kupitia gazeti lako ni rasi zipi za Mukono na Buikwe zimo katika mpango wa taa, na lini. Mwenye mbuzi ametuambia yuko tayari kumhamisha.

Nakuomba pia, Mhariri, uichapishe barua hii kabla ya Juni, pepo za kusini hazijashika kasi.

Mwalimu wa Kiswahili,
Mukono