Miche ikaguliwe kabla ya kupakiwa lori

Ndugu Mhariri,

Mvua zikikaribia, huku Urambo wimbo ni mmoja: pandeni miti. Hatukatai. Sisi wa tumbaku ya mvuke ndio tunaojua bani la kukaushia tumbaku linavyokula kuni, na miombo ya kukata imeshatukimbia. Ninacholalamikia ni miche tunayoletewa.

Msimu uliopita nilipokea miche 400 ya mikaratusi kutoka kitalu cha wilaya nyingine. Ilishuka kwenye lori ikipendeza. Mvua zilipokatika, majani machanga yakaanza kujikunja. Nikapitisha kidole kwenye mshipa wa kati wa jani, nikakuta vinundu vimepangana kama shanga, vingine kijani, vingine vimeshakuwa vyekundu. Kimoja nilikipasua kwa ukucha: ndani kalala funza mweupe, mdogo kuliko punje ya ulezi. Vilivyozeeka vilikuwa na vitundu kama vya sindano, mwenye nyumba keshatoka. Leo mingi imedumaa, imechanua matawi kama fagio. Hata fito haitoi.

Huyo ni nyigu ambaye wataalamu wanamwita Leptocybe invasa. Kwao ni Australia, kama ulivyo mkaratusi wenyewe. Kenya na Uganda alionekana mwaka 2002, kwetu 2005. Ana urefu wa milimita moja na ushee tu, na jike hutaga bila kuhitaji dume, kwa hiyo hata mmoja akidandia lori anaanzisha ukoo. Kunyunyiza dawa juu ya majani hakusaidii sana, funza yumo ndani.

Shemeji yangu wa Mufindi nilipompigia simu alicheka, akadhani nausingizia mti. Kwake ni baridi, na vinundu hivyo mpaka uvitafute. Huku kwenye joto mdudu anakua upesi, kizazi kinafuata kizazi, tena mti wenyewe umeshachoshwa na kiangazi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kamaldulensisi, mkaratusi tunaogawiwa watu wa maeneo makavu kwa kuwa unavumilia ukame, ni miongoni mwa ile anayoipenda kuliko yote. Ushauri uliofaa Mufindi unaletwa Urambo bila kubadilishwa hata neno.

Naomba wanaohusika na misitu wakague miche ikiwa bado kitaluni, na yenye vinundu ichomwe hapo hapo, isipakiwe. Tena mkulima aambiwe anapewa mkaratusi wa aina gani, maana kwetu mwenye kitalu ukimuuliza anakujibu, "mkaratusi ni mkaratusi." Si kweli. Nyuma ya nyumba yangu upo ule wa majani yanayonukia limau, hatua chache tu kutoka kwenye shamba hilo lililoharibika, na mpaka leo sijaona kinundu hata kimoja.

Mashimo nimeshachimba. Lori likija safari hii, sitii sahihi popote kabla sijageuza majani ya kila mche.

Mkulima wa tumbaku,
Urambo, Tabora