Bakari, raundi ya kwanza imekwama kwenye mpira mweusi

Swahibu yangu Bakari,

Assalaam aleikum. Sisi huku Malindi tu wazima, hofu ni kwenu huko Langoni, Lamu. Bi Mwanaisha hajambo? Watoto je? Najua tumenyamaziana muda, hayo tutayazungumza tukionana. Leo nakuandikia kwa haja, na haja yenyewe haingoji.

Mashindano ya pool yameanza. Ndiyo yale tuliyokuwa tukiyaota tangu wewe uko hapa, vijana wa mitaa yetu ya Maweni na Shela wakutane meza moja, badala ya kila mtaa kubaki na bingwa wake ambaye hajapata kushindana na mtu wa nje. Wamejiandikisha 22. Kwa kuwa ni mtoano, na raundi ya pili lazima iwe na 16, ilibidi 12 wacheze na 10 wapite moja kwa moja. Kura ilipigwa hadharani, karatasi ndani ya kofia, na hakuna aliyenung'unika. Mechi sita, anayetangulia kufika gemu tatu ndiye mshindi. Tano zimekwisha vizuri, mpaka Mzee Katana akatoka uani kuja kutazama. Ya sita ndiyo inayonikosesha usingizi.

Ni ya Kazungu na Swaleh. Gemu mbili kwa mbili. Katika ya tano Kazungu ana mipira myekundu, ameimaliza yote saba, amebakiwa na mweusi wa kumalizia tu. Swaleh bado ana njano mbili. Kazungu akaupiga mweusi, ukagonga mdomo wa tundu ukakataa kuingia, na mweupe, ule wa kupigia, ndio ukatumbukia. Faulo, hiyo haina ubishi.

Meza nayo ikatuchelewesha. Unazijua hizi za sarafu: mpira mweupe huwa mdogo kidogo kuliko wenzake, na kwa udogo huo mashine huutenga na kuurudisha, ile mingine ikazuiliwa mpaka utie sarafu tena. Sasa ule mdogo ulipotea, ukaletwa mwingine wa ukubwa sawa na mipira mingine, basi ukiingia tundu umemezwa. Mama Riziki akaja na funguo, ubavu wa meza ukafunguliwa, mweupe ukatolewa. Tena mweupe mzito haurudi nyuma kwa wepesi kama ule mdogo, na upepo wa kusi umetia unyevu hadi kitambaa cha meza kimekuwa kizito. Swaleh ameumia zaidi, maana mchezo wake wote ni wa kuupiga mweupe chini urudi. Lakini si hilo lililotugawanya.

Swaleh akapewa shoti mbili. Ya kwanza akatia njano moja. Akaendelea, akatia ya pili. Akaujaribu mweusi kwa nguvu, akakosa, nao ukaja kusimama mdomoni mwa tundu la kati, hata mtoto angeutia. Kazungu akanyanyua fimbo. Swaleh akamwambia, "Ngoja, bado nina shoti yangu ya pili, hii ndiyo mara ya kwanza nakosa." Kazungu akasema shoti ya bure iliisha pale alipotia njano ya kwanza, baada ya hapo alikuwa anacheza zamu yake ya kawaida, naye amekosa. Kukawa kelele. Maweni wote upande mmoja, Shela wote upande wa pili, na mtu wa tatu akazuka kusema kwenye mweusi hakuna shoti mbili kabisa.

Karatasi ya matangazo ilisema "sheria za kawaida". Kawaida ya nani? Kila meza mjini ina kawaida yake. Mzee Katana akalaza fimbo katikati ya meza, pakapigwa picha ya mipira ilivyokaa, mechi ikaahirishwa.

Ukiniuliza mimi, kwa sheria za blackball, yaani pool hii ya mipira myekundu na njano, Kazungu ana haki: faulo humpa mwenzako shoti moja ya bure, halafu zamu moja, basi. Akitia kwa ile ya bure huendelea, lakini hana akiba. Hilo nalijua na nimewaambia. Ila kuna jambo halinitoki moyoni. Swaleh aliupiga mweusi kwa nguvu kwa sababu aliamini akikosa ana shoti nyingine. Angejua hana, asingeujaribu vile. Angeuficha mweupe nyuma ya ukingo, akamwachia Kazungu kazi ngumu, na unajua anavyoweza kuficha. Mchezaji huchagua pigo kwa sheria aliyonayo kichwani. Sasa nimhukumu kwa sheria ambayo hakuna aliyemsomea kabla hajashika fimbo? Na nikirudisha gemu yote mwanzo, Kazungu atasema nimemnyang'anya mweusi ulio mdomoni, naye atakuwa amesema kweli.

Nimewaza kurudisha mipira kama ilivyo kwenye picha, Swaleh acheze akijua ni pigo la mwisho, lakini mpira wenyewe ameshaupiga! Hapo ndipo ninapokwama kila usiku.

Tena si mechi moja tu. Watu wa Maweni wamesema wasipopata uamuzi wa haki hawaji raundi ya pili. Nawaelewa, na inaniuma. Vijana hawa walikuwa wanachekeana, wanaazimana chaki, mmoja anamfundisha mwenziwe namna ya kuvunja mipira gemu ikianza. Sitaki warudi kila mmoja pembeni mwake kucheza kwa pesa.

Kwa hivyo nakuomba uje. Mtu mwingine yeyote nikimweka refa, ama ni wa Maweni ama ni wa Shela. Wewe umecheza kwetu sote na hakuna aliyewahi kukushuku. Uje siku moja kabla, tuandike sheria kwa Kiswahili, ziwe ukurasa mmoja, zisomwe kwa sauti, kila mchezaji atie sahihi. Hii mechi ya sita uiamue wewe, na utakaloamua nitalisimamia hata likiwa kinyume na langu.

Mashua ya kwanza ya kuvuka kuja bara Mokowe siku hizi yaondoka saa ngapi? Basi la asubuhi bado lipo? Je, kwa maoni yako, gemu irudiwe au Kazungu apewe? Kule Lamu mwacheza shoti mbili au moja ya bure? Na lile pima maji lako la useremala unalo? Meza imeinama upande wa mlangoni, tulikuwa tukiweka vipande vya kadibodi chini ya mguu. Bi Mwanaisha atakuruhusu, au nimpigie mimi nimuombe?

Raundi ya pili ni Jumamosi baada ya Isha. Nijibu kabla ya Alhamisi, niwape jawabu watu wa Maweni.

Ndugu yako,
Omari